Sentimita Sita Zilizoniangusha Ukumbini

Nianze kwa kukiri kabisa, ili asije mtu wa Ipogolo akadakia katikati na kunisahihisha: ndiyo, ni mimi. Yule mama mzazi aliyeanguka kwenye sendofu, sherehe ya kumuaga binti yake mwenyewe, akaondoka na meza ya ndafu, na yule mbuzi wa kuchomwa mzima mzima akaenda kutua mapajani mwa mama mkwe aliyetoka Mbeya, ni mimi Mwalimu Twilumba, mwalimu mstaafu, mke wa mtu, mzee wa kanisa. Video ipo. (Msinitumie, ninayo. Nimetumiwa mara nyingi kuliko hata picha za harusi yenyewe.) Ila watu wengi wanasimulia ile nusu ya kuchekesha tu, wanaishia mbuzi anaporuka, na mimi leo nataka niwape yote, maana aibu nimeshaipata, sasa angalau na faida yake nipate.

Kwanza lieleweke jambo moja: mimi ni mrefu. Tangu chuo cha ualimu nilikuwa mfungaji wa mpira wa pete, mpira nauchukua juu ya vichwa vya wenzangu kama navuna parachichi, na shuleni wanafunzi waliniita Mwalimu Mkaratusi wakidhani sisikii, nami nilikuwa nasikia na nafurahi. Siku ya harusi yangu mpiga picha alimsimamisha mume wangu kwenye tofali ili tusionekane kichekesho. Baba Upendo ni mtu mpole, bwana shamba mstaafu, alipanda tofali bila neno. Kwa hiyo urefu wangu ndio ulikuwa kama cheo changu. Wengine wana nyumba, wengine wana magari, mimi nilikuwa na mita moja na sentimita sabini na sita, na nilikuwa nazitaja hata pasipo kuulizwa.

Nilipostaafu nikafungua kiduka cha vifaa vya shule hapa hapa barabarani, nikakaa. Yaani nilikaa. Asubuhi kiti, mchana kiti, jioni kochi. Kupanda mjini, ambako zamani nilikuwa napanda kile kilima kwa mguu huku nimebeba madaftari ya darasa zima, sasa naita bajaji hata kama nafuata kalamu. Jua nalikinga kwa mwavuli (nilikuwa nalinda rangi, mnicheke tu), maziwa nilishaamua ni ya watoto, nakunywa chai ya rangi na kitumbua, basi maisha yanakwenda. Mgongo ulikuwa unauma, nikasema ni mgongo wa uzee, nikapaka dawa ya kuchua. Shelfu ya juu jikoni nikaanza kuikosa kwa vidole, nikasema aliyepaka rangi amelipandisha kabati. Mpaka Jumapili moja nikasimama kanisani kuimba, nikajikuta namwona mchungaji kwa kuchungulia kati ya vichwa viwili, wakati miaka yote nilikuwa namwona juu ya vichwa. Nikajiambia benchi la mbele siku hizi wanakaa watu warefu.

Sasa Upendo, mwanangu wa pekee wa kike, akapata mchumba, kijana wa Kinyakyusa anaitwa Ambokile, mhandisi wa maji, mtulivu, nikashukuru Mungu. Mama yake Ambokile anaishi Mbeya, hatukuwa tumeonana, tulikuwa tunaongea kwa simu tu, na siku moja akanitania: "Mkwe wangu, huku tumeambiwa huko Iringa kuna mama mrefu, akisimama mlangoni nyumba inaingia giza. Tunakuja kumwona." Nilicheka, lakini lile neno likaniingia. Nikajisemea, hawa watu wanakuja kuona mnara, basi mnara watauona.

Nikaenda kwa Bi. Zuhura. Huyu ni fundi wangu wa nguo pale mjini, babu yake alitoka pwani kuja kufanya biashara Iringa, hakurudi, na mjukuu kabaki na Kiswahili kizuri na mkono mzuri kuliko fundi yeyote ninayemjua. Nguo zangu zote za maana kashona yeye. Nikampa kitambaa, nikamweleza mshono, gauni refu la kufagia kidogo nyuma, akaniambia, "Haya mwalimu, vua viatu usimame hapa nikupime."

"Unipime nini tena, Bi. Zuhura? Si unavyo vipimo vyangu kwenye daftari?"

"Ninavyo, lakini vya kale hivyo. Upendo alikuwa sekondari. Watu hubadilika, mwalimu wangu."

"Wanaobadilika ni wanene," nikamwambia, "mimi mwili wangu ni ule ule. Na urefu haubadiliki."

Nikasema hivyo, mimi niliyefundisha sayansi miaka thelathini na zaidi. Bi. Zuhura alinitazama kidogo juu ya miwani, futi ikiwa imening'inia shingoni, akasema, "Kama ndivyo utakavyo," akafungua daftari. Na ukweli ambao sikumwambia mtu ni kwamba niliiogopa ile futi. Niliiogopa kabisa. Nilijua ikinigusa itasema kitu. Hapo ndipo mkasa wote ulipoanzia, kwenye kukataa kusimama dakika mbili bila viatu mbele ya mtu anayenipenda.

Gauni lilikuja siku moja kabla ya sherehe. Upendo akasema jaribu, mama, nikasema nitajaribu kesho, nina wageni, na mchele wa Ubaruku haujachambuliwa. Kesho yake saa tano asubuhi navaa, nashusha macho, vidole vya miguu sivioni. Gauni limelala sakafuni vidole vinne, mbele na nyuma, nimesimama ndani yake kama mtoto aliyevaa joho la mchungaji.

"Mama, limekuzidi," Upendo akasema. "Tulikunje, tupige bandi hapo chini, nusu saa tu."

"Hakuna kukunja. Bi. Zuhura kaharibu kazi," nikasema, tena kwa sauti, mbele ya mashangazi wote. (Hili la kumsingizia Bi. Zuhura nitalirudia, maana ndilo linaloniuma kuliko kuanguka.) "Lete vile viatu vyako vya mchuchumio."

"Mama, vile mimi mwenyewe vinanishinda."

"Lete, mwanangu. Kabla hujazaliwa nilikuwa navivaa."

Si kweli. Sikuwahi kuvaa mchuchumio maishani, nilikuwa sina haja navyo. Lakini nilivivaa, gauni likapanda, nikajitazama kwenye kioo, nikaona yule Mwalimu Mkaratusi karudi, na sitawadanganya, nilijisikia raha mpaka machozi yakanilenga.

Sherehe tuliifanya mchana ili wakwe wawahi kurudi Mbeya. Ukumbi uko hapo hapo barabarani, umejaa, sare zinameremeta. Mshereheshaji aliponiona mlangoni akapagawa: "Mama mzazi huyoooo! Mnara wa simu wa Ipogolo! Mtandao umejaa!" Nikaingia nacheza. Nilicheza vizuri, jamani, hata wanaonicheka wanakubali hilo. Namwona Mama Ambokile meza ya mbele, mama mnene wa kupendeza, kilemba kimesimama, ananitazama kwa macho yote mawili, na mimi nikazidi kujinyoosha. Nikasalimia meza yao kwa mbali, kamwene, kamwene, nikapita na midundo.

Ikafika saa ya kuwakabidhi wakwe ndafu. Mbuzi alikuwa wa maana, kachomwa kakaushwa, kalazwa kwenye meza ya magurudumu, mdomoni majani ya chainizi, shingoni mkufu wa karoti. Utaratibu ulikuwa kwamba vijana wa mapishi waisukume meza, mimi nitembee mbele. Mimi nikasema hapana, nasukuma mwenyewe, mkwe wangu apokee kutoka mikononi mwangu. Nikasukuma huku nacheza, kulia, kushoto, watu wanapiga vigelegele, na nilipobakiza kama hatua tatu kufika kwa wakwe, shetani akaniambia zunguka. Nikazunguka. Kisigino cha kulia kikakanyaga pindo la nyuma, nikavuta mguu, gauni likakataa, nikaona paa la ukumbi, kisha nikaona meza, nikaikamata meza inisaidie, na meza ina magurudumu.

Ikaondoka. Ikagonga meza ya wakwe, ikasimama ghafla, mbuzi hakusimama. Aliteleza na majani yake na karoti zake, akavuka kitambaa cheupe, akaingia mapajani mwa Mama Ambokile, naye kwa mshtuko akampokea kwa mikono yote miwili akamkumbatia kama anavyopokelewa mtoto mchanga wodini. Mimi wakati huo niko chini kifudifudi. Nilijikinga kwa mkono wa kulia, na nilisikia kitu kikilia kwenye kifundo, kah, kama unapovunja kijiti kikavu cha kuni kwenye goti. Na mshereheshaji, Mungu amsamehe, akadhani ni mchezo tumeupanga: "Makofi kwa mama mzazi! Hiyo ndiyo staili ya Iringa! Makofi jamani!" Ukumbi mzima ukapiga makofi.

Upendo alikuja mbio akaninyanyua, macho yamemtoka. "Mama, umeumia?"

"Niache nisimame," nikamwambia. "Tabasamu. Wageni wanatutazama."

Nikasimama. Nikautumbukiza mkono wa kulia chini ya mtandio, kipaza sauti nikakipokea kwa kushoto, nikasema, "Wakwe zetu, karibuni sana Iringa. Huyu mbuzi tulitaka kuwakabidhi kwa utaratibu, lakini kawapenda, kawafuata mwenyewe." Ukumbi ukalipuka kwa kicheko, Mama Ambokile akacheka mpaka kilemba kikalala upande, mafuta yanamtiririka kwenye gauni la zambarau, na mimi nikarudi kwenye kiti changu nikiwa najivuna. Nasema kweli. Mkono unawaka moto, vidole vinaanza kuvimba kama mahindi yaliyolowekwa, na mimi najipongeza moyoni kwamba nimeiokoa sherehe.

Nilikaa hivyo saa nzima na zaidi. Baba Upendo akaninong'oneza, mbona huli, nikamwambia nimeshiba furaha. Jasho linanitoka na Iringa ile ilikuwa ya baridi. Nilikuwa nimepanga nivumilie mpaka wakwe wapande kosta yao waende, hapo ndipo nitalia. Lakini nilisahau kwamba kuna kuagana.

Wakwe walijipanga mstari, wa kwanza akiwa babu yake Ambokile, mzee wa Tukuyu, amelima chai na migomba maisha yake yote, mikono kama koleo. Mshereheshaji kanishikia kipaza sauti mdomoni anasema mama toa neno la mwisho, babu yuko mbele yangu ananyoosha mkono, na mimi nafikiri haraka: nikimpa wa kushoto nimemdharau mzee wa watu mbele ya ukoo wake wote. Nikautoa wa kulia. Nikasema moyoni ni sekunde moja tu. Kumbe yule mzee, kwa heshima aliyonayo, hashiki kwa mkono mmoja. Aliushika kwa yote miwili, akaubana, akautikisa, akishukuru kwa Kinyakyusa, "Ndaga fijo, mama, ndaga fijo..."

Nilichopiga si kelele, ni king'ora, na kilipita kwenye kipaza sauti. "Mama yangu weeeee!" Muziki ukakatika. Watoto walioko nje wakaacha kucheza. Wapo wanaosema dereva wa lori barabarani alifunga breki (hilo wameongeza). Babu akaufunua mtandio taratibu, akautazama ule mkono ulivyopinda na kuvimba, akasema kwa sauti ndogo ambayo kipaza sauti kilitangaza kwa watu wote: "Mama, mkono hii imevunjika. Imevunjika siku nyingi hii, leo imeonyesha tu." Hakujua alichosema, alikuwa anatafuta maneno ya Kiswahili, lakini baadaye nilikuja kuyafikiria sana.

Upendo alilia mpaka vipodozi vikamshuka. "Mama, kwa nini hukusema? Kwa nini hukusema?" Yeye ndiye aliyekuwa anaagwa, akabaki na wageni wake, na mimi nikapakiwa kwenye kosta ya wakwe kupelekwa hospitali, mume wangu upande huu, Mama Ambokile upande ule, ananuka mbuzi.

Sasa muuguzi aliyetupokea ni nani? Rehema. Nilimfundisha darasa la nne mpaka la saba. "Shikamoo mwalimu," akasema, macho kwenye gauni langu lililochanika, nikaitikia marahaba kama hakuna kilichotokea. Akaniuliza maswali, umri, dawa, kisha akauliza urefu.

"Mita moja, sentimita sabini na sita," nikajibu hapo hapo.

Akaandika, akasita, akanitazama. "Mwalimu, hebu vua viatu usogee kwenye kile kipimo ukutani."

"Nimevunjika mkono, Rehema, sikuvunjika urefu."

"Najua, mwalimu. Visigino ukutani, mabega nyuma, kidevu sawa," akasema, na yalikuwa maneno yangu mwenyewe, niliwaambia asubuhi za mstarini miaka ile yote. Nikasimama. Akateremsha kile kibao mpaka kikanigusa kichwani. Nikamwambia asome, naye akasoma kwa upole: "Mita moja na sabini."

"Pima tena."

Akapima tena. Sabini. Nikamwambia kibao kimelegea, akampima mume wangu, mume wangu akatoka sawa na mimi kabisa, sabini kwa sabini. Baba Upendo akakuna kichwa, akasema kwa aibu, "Mimi nilishaona muda mrefu kwamba tunalingana. Nilidhani ni mimi nimerefuka, nikanyamaza nifurahie." Rehema alishindwa kujizuia akacheka, Mama Ambokile akacheka, na mimi nikalia, tena si kwa sababu ya mkono.

Daktari alinipiga picha ya mkono na picha ya mgongo. Mkono, mfupa wa kifundo umevunjika. Mgongo, pingili mbili zimebonyea kwa mbele, moja ya siku nyingi, na mimi nilikuwa nazipaka dawa ya kuchua. Akaniuliza hedhi ilikoma nikiwa na umri gani, nikamwambia mapema, arobaini na mitatu. Akauliza mama yangu alikuwaje mgongo. Hapo nikamkumbuka mama. Mama alikufa ameinama, ukimsalimia ilibidi ageuze shingo pembeni ndiyo akuone uso, na sisi watoto tulisema ni uzee, tukamtafutia fimbo nzuri.

"Mfupa ni kitu kilicho hai, mwalimu," daktari akaniambia. "Kila siku unabomolewa kidogo na kujengwa kidogo. Hedhi ikikoma, kubomoa kunaenda mbio kuliko kujenga, na ukikaa tu bila kutembea, bila jua, bila chakula cha mifupa, unazidi kuwa mwepesi kwa ndani. Kwa nje huoni kitu. Huumwi. Mpaka siku unapoanguka kutoka kimo chako tu, tena kwenye zulia, mfupa unakatika. Mwenye mifupa mizima angeinuka na mchubuko." Akasema unaitwa osteoporosisi, na kwamba kupungua urefu ni moja ya ishara zake, na kwamba ningepimwa mapema tungejua mapema. Kile kipimo chenyewe cha uzito wa mifupa hawakuwa nacho pale, lakini picha zile zilitosha kuanza tiba.

Nikawa nimekaa kwenye benchi nasubiri plasta, nimejikunja, na Mama Ambokile akaja kukaa kando yangu. Kisha akavua viatu, na nilipotazama, mguu umevimba, umechorwa mistari ya mikanda. Mchuchumio. Mrefu kuliko wangu.

"Niliambiwa mama wa Iringa ni mrefu," akasema. "Nikasema sitasimama karibu yake kama kinu. Tangu asubuhi sijakanyaga chini vizuri. Ulipoanguka wewe, mkwe wangu, nilisema afadhali, maana nilikuwa njiani mimi." Tulicheka mpaka mkono ukanikumbusha. Halafu akainuka, pekupeku, na mafuta yake ya mbuzi, akamwendea Rehema: "Mwanangu, na mimi nipime. Mama yangu naye aliinama." Rehema akampima, akamwandikia kwenye kikaratasi. Yeye hakuwahi kupimwa ukubwani, kwa hiyo hakujua kama kuna kilichopungua, lakini alikikunja kile kikaratasi akakitia kwenye pochi, akasema, "Basi nitahesabu kuanzia hapa." Mimi nilimwonea wivu. Angalau yeye alisimama kwa hiari yake.

Jua halijazama tulirudi ukumbini, maana wageni walikataa kuondoka. Niliposhuka kwenye kosta na plasta yangu nyeupe, pekupeku, gauni limefungwa fundo pembeni, watu walisimama wakapiga makofi, safari hii wakijua wanachopigia. Nilifikiri nitakufa kwa aibu. Badala yake nikainua ule mkono wenye plasta juu. Ndiyo picha pekee ya siku ile niliyoitundika ukutani.

Wiki sita za plasta nilijifunza mengi, mojawapo kwamba mume wangu hajui kusonga ugali. Dawa yangu ni kidonge cha mara moja kwa wiki, unakinywa asubuhi kabla ya kitu chochote, na maji mengi, kisha hulali, unakaa wima nusu saa. Kwa hiyo kila Jumamosi alfajiri mimi nimekaa wima kwenye kiti cha jikoni kama nasubiri kupigwa picha ya pasipoti. Mwavuli nimempa jirani. Maziwa nakunywa, mtindi nakunywa, dagaa nakula na mifupa yake, mayai, maharage, majani ya chainizi (yale tuliyomwekea mbuzi mdomoni kama mapambo). Na plasta ilipotoka nilijua kuna mahali natakiwa kwenda, tena kwa mguu.

Kwa sababu ile kauli yangu kwamba Bi. Zuhura kaharibu kazi ilikuwa imetembea. Mashangazi waliibeba, ikafika sokoni, na kuna mama mmoja aliyekuwa ampe sare za harusi nzima akazihamishia kwa fundi mwingine. Nilipanda kile kilima cha kutoka Ipogolo nikipumzika kila kona, malori yananipita yananguruma, nilitumia muda ambao zamani ningepanda na kushuka. Nikaingia dukani kwake nahema. Nikamwambia mbele ya wateja wake wawili kwamba gauni lilikuwa sahihi, aliyekosea ni mimi, nilikataa kupimwa na nikamsingizia, naomba anisamehe.

Aliendelea kukanyaga cherehani mpaka mshono ukaisha. Kisha akasema, "Nilikuona siku ile ile, mwalimu. Jicho langu lilisema umepungua. Nikawaza nikukunjie sentimita tano kimyakimya, nikaona nitakuvunjia heshima."

"Ungenivunjia tu, Bi. Zuhura," nikamwambia. "Ungeokoa mkono."

Akacheka, akatoa futi, na mimi nikavua viatu kabla hajaniambia. Yule mama wa sare nilimfuata nyumbani kwake mwenyewe nikamweleza, akarudi kwa Bi. Zuhura. Na harusi yenyewe ilipofika, kule Mbeya, nilicheza mpaka mwisho, gauni linaishia kwenye kifundo cha mguu, viatu vya chini, mimi na Mama Ambokile tumeshikana mikono kama wasichana, na hakuna aliyeanguka.

Kile kilima nimekuwa nakipanda mara nne kwa wiki tangu siku ile. Nilianza peke yangu, akajiunga jirani, akajiunga mke wa mchungaji, sasa tuko kumi na mmoja, wastaafu watupu, na kila mmoja kabla ya kujiunga lazima apimwe urefu na tuuandike. Madereva wa malori wanatupigia honi, tunawapungia. Mwaka jana nilirudi kwa daktari, Rehema akanipima: mita moja na sabini. Hakuna hata nukta iliyopotea. Sijawahi kujivunia kipimo changu kama nilivyojivunia hicho, na nimekuwa nakitaja hata pasipo kuulizwa, tabia haijaisha.

Nina miaka sitini na minne. Zile sentimita sita zilizokwenda hazirudi, daktari aliniambia wazi, na nimekubali. Lakini nimeapa, na nawaambia ninyi mkiwa mashahidi: mwili wangu ukiwa na la kusema, sitauambia tena unyamaze eti kwa sababu kuna wageni.